Ovaroli la Bahari ya Baridi

Bi Uzi alikata uzi wa mwisho kwa meno, jambo alilomkataza kila aliyewahi kujifunza kushona kwake, akalitandaza ovaroli mezani na kulitazama kama mtu anavyomtazama marehemu asiye wa kwao: kwa heshima, lakini bila machozi.

"Limekwisha," alisema.

"Ovaroli au uchumba?" dada yake mkubwa aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Vyote."

"Afadhali. Maana nilishaanza kudhani nitaingia kaburini na gauni lako la harusi bado liko dukani, halijawa hata kitambaa."

Bi Uzi hakuwa na hasira. Hasira inataka nguvu, na nguvu zake zilikuwa zimeishia kwenye sare za shule za mtaa mzima. Kila jioni, baada ya sare, alikuwa amejiburuta kwenye ovaroli hili: nje kitambaa kizito kisichopitisha maji, ndani tabaka mbili za pamba, kola ya kufunika masikio, na mifuko mikubwa ya kuingiza mkono pamoja na glavu. Watoto wa mtaani ndio waliompa jina la Bi Uzi, kwa sababu hakuwahi kutoka nje bila uzi kumning'inia mahali fulani. Siku hiyo uzi ulimning'inia sikioni, na hakuna aliyekuwa na ari ya kumwambia.

Ovaroli lilikuwa la mchumba wake, fundi wa mitambo ya ghala la baridi lililo nyuma ya soko. Mji wote ulimwita Bwana Barafu. Na kama unataka kujua uchumba wao ulikuwa na umri gani, basi fahamu kwamba pete ilishambana Bi Uzi mpaka akaivua akiwa mnene, na ikamchomoka akiwa mwembamba, na mara zote mbili akaivaa tena.

Mkosaji alikuwa samaki.

Hapo hapo sebuleni, zamani, dada mtu alikuwa amembana Bwana Barafu ukutani: harusi lini? Naye, kwa kutafuta tarehe iliyo karibu, akasema, "Nikirudi tu kutoka safari yangu, shemeji." Safari yenyewe ilikuwa ya nchi ya mbali, kwenye bahari baridi kama kisu, kwenda kumvua samaki bapa mpana kama mlango wa jikoni. Alikuwa ameipanga na kaka wa marehemu mke wake, muuza magodoro aliyejiita Nahodha ingawa chombo pekee alichowahi kukiongoza kilikuwa mkokoteni. Mwaka huo mtambo wa ghala ukafa. Mwaka uliofuata pasi za kusafiria zikachelewa. Mwaka mwingine Nahodha akamwoza binti yake. Kila mwaka ramani ilitandazwa kwenye meza ya kushonea na kila mwaka ikakunjwa, mpaka ikachanika kwenye mikunjo, na mahali penyewe pa kuvulia pakabaki tundu.

"Jioni mwenye duka la dawa anakuja kuchukua jibu la posa yake," dada alimkumbusha. "Mtu safi. Amefiwa na mke, ana nyumba, hana samaki."

"Hana samaki wala hana stori. Mara ya mwisho alikaa hapo ulipo akanieleza habari za kuvimbiwa tangu chai ikiwa moto mpaka ikapoa."

"Mdogo wangu, katika umri huu, mwanaume anayejua dawa ya kuvimbiwa si wa kuchezea."

Bi Uzi akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Akalikunja ovaroli, akaliweka kwapani. Lilikuwa zito kama mtoto aliyelala.

"Unampa tu, unamwambia kwaheri, unarudi," dada alisema. "Usikae. Wewe ukikaa na yule bwana unalainika kama siagi juani."

"Kule ni kwenye barafu, dada."

"Ndiyo maana nakwambia usikae!"

*

Bwana Barafu alikuwa kwenye chumba cha mitambo, amepiga magoti mbele ya mashine inayonguruma, amevaa koti lake la kazi lililotoboka kiwiko. Alipomwona mlangoni alisimama haraka kupita magoti yake yalivyotaka, akajifuta mikono kwenye tambara chafu zaidi ya mikono yenyewe.

Wakatazamana. Ulikuwa ule mtazamo wao wa siku zote, wa watu wanaotaka kusema jambo moja na kila mmoja anamwachia mwenzake atangulie. Macho ya Bwana Barafu yalikuwa mekundu, ya mtu aliyelala na viatu. Hata hivyo yalimpitia Bi Uzi taratibu, kutoka kitambaa cha kichwani mpaka ndara, yakarudi juu, yakatua sikioni.

"Una uzi," alisema, akauondoa kwa vidole viwili, akauweka kwenye mfuko wa shati lake.

Bi Uzi akayahisi masikio yakimwaka. Akajikaza. "Nimekuletea nguo yako."

"Fundi wangu! Limekwisha?"

"Limekwisha. Na mimi nina neno la kukwambia."

"Hata mimi ninalo." Akashusha pumzi. "Nahodha haendi."

"Haendi wapi?"

"Safari. Mgongo. Ameinua godoro vibaya."

Bi Uzi akamtazama. "Muuza magodoro ameumia mgongo?"

"La sponji, tena. La mtoto."

Siku nyingine wangecheka mpaka waegemee ukuta. Siku hiyo walisimama tu, mashine ikinguruma kwa niaba yao.

"Mwenye mashua kule hamtoi mtu mmoja baharini," Bwana Barafu aliendelea kwa sauti ya kujitetea. "Lazima wawili. Samaki akishika, mmoja anakaza mshipi, mwenzake anangoja na kulabu. Peke yako atakuzungusha mpaka akutumbukize. Kwa hiyo... nimeona tuahirishe. Mwakani, huenda mgongo wake..."

"Vaa," alisema Bi Uzi.

"Eh?"

"Vaa ovaroli. Nione kazi yangu kabla sijasema nililojia."

Alivaa. Au tuseme alijaribu, na vita yake na nguo ile ilikuwa ya kuhurumiwa. Miguu ilipita, kisha ikaishia juu ya kifundo. Kiunoni paling'ang'ania, nyongani pakapwaya kama hema. Alipoingiza mkono wa pili mabega yakagoma, akabaki mikono imenyooka mbele kama mtu anayebeba sinia lisiloonekana.

"Nimenenepa?" aliuliza kwa woga.

"Hujanenepa." Bi Uzi alimzunguka, uso umekunjamana. Katika maisha yake yote ya kushona hakuwahi kukosea namna hii. "Vua. Vua utanichania."

Kabla hajamaliza kumchomoa, taa nyekundu ikawaka ukutani na king'ora kikalia. Bwana Barafu akaruka kutoka kwenye mguu wa mwisho. "Feni ya ndani imeganda tena. Nakuja sasa hivi." Akafungua mlango mzito wa chumba kikubwa cha baridi, moshi mweupe ukamlamba, akapotelea ndani.

Bi Uzi akabaki na ovaroli mikononi na neno lake mdomoni. Neno lile alikuwa amelibeba njia nzima, na alijua akirudi nalo nyumbani ataanza tena mwaka mwingine wa ramani. La. Leo angelitema hata kama ni juu ya kuku walioganda. Lakini baridi iliyotoka mlangoni ilikuwa imeshamtetemesha meno. Akalitazama ovaroli. Akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akavuta zipu mpaka kidevuni.

Lilimkaa. Lilimkaa mabegani, lilimkaa nyongani, miguu ikaishia palepale ndara zilipoanzia. Hata pale kiunoni, alipokuwa ameongeza pindo mwenyewe usiku mmoja akijisemea lisibane mtu akikaa, palimkumbatia kama paliagizwa.

"Ala!" alisema peke yake.

Maana ndipo alipokumbuka. Bwana Barafu hakuwahi kuja kupimwa. Kila akiitwa, zamu. Kila akiitwa, mtambo. Na Bi Uzi, kila jioni, macho yakiwa mazito, alikuwa akilivaa mwenyewe mbele ya kioo ili aone linavyoanguka, anabana pini hapa, anapunguza pale, anarekebisha, anaendelea. Mwezi mzima alikuwa akijishonea nguo ya kwenda kuvua.

Akaingia ndani.

*

Ndani kulikuwa kweupe, maboksi yamepangwa mpaka darini. Bwana Barafu alikuwa juu ya ngazi, anagonga barafu kwenye feni. Bi Uzi akamfuata kwa kupita nyuma ya safu ya mwisho ya maboksi, na hapo akasimama.

Kwenye kona palikuwa na kreti mbili zilizopinduliwa. Mbele ya moja, fimbo ya kuvulia ilikuwa imeegemezwa ukutani, mshipi wake umepita kwenye bomba la juu na kushuka mpaka kwenye gunia la barafu lililofungwa kwa kamba. Ilieleweka bila kuulizwa: mtu alikaa hapa, akazoea baridi, akafanya mazoezi ya kuvuta kitu kizito kinachovuta na chenyewe. Lakini aliyoikodolea macho Bi Uzi ilikuwa kreti ya pili. Juu yake palikuwa na mto mdogo wa viraka. Aliujua. Aliushona mwenyewe, na ulipopotea nyumbani alimnunia dada yake wiki nzima kwa wizi.

Feni ikaanza kuzunguka. Bwana Barafu akashuka, akageuka, akamwona.

Pumzi yake ilitoka nyeupe, ikasimama, ikatoka tena.

"Limekukaa," alisema taratibu.

"Usibadili mazungumzo. Mto wangu unafanya nini huku?"

"Nimeuazima."

"Umeuiba. Na hicho ni kiti cha Nahodha?"

Akajikuna shingo. "Nahodha hajawahi kuingia humu. Anasema baridi inamharibia sauti."

"Basi ni cha nani?"

Akaokota glavu iliyokuwa imeanguka, akaikung'uta, ingawa haikuwa na kitu cha kukung'uta. "Mtu akikaa peke yake humu anapatwa na upweke. Mimi nikimaliza kazi nakaa pale, na... huwa naongea na wewe."

Bi Uzi akaketi kwenye mto.

"Mimi nasema nini?" aliuliza.

"Mara nyingi unanicheka."

"Hilo naliamini."

"Halafu unaniuliza maswali. Huko watu wanalala saa ngapi kama jua halizami."

"Jua halizami?"

"Msimu wenyewe wa samaki, ndiyo. Linazunguka tu pembeni, halishuki."

"Sasa wanalala saa ngapi?"

"Wakichoka."

"Basi mimi nitalala mchana kutwa," alisema Bi Uzi, akafumba macho kuonyesha mfano. Ndani ya ovaroli kulikuwa na joto zuri. Kwa mara ya kwanza tangu shule zifungue, hakuna mtu aliyekuwa akimwita. "Na huyo samaki wako? Ukimpata unafanyaje?"

"Inategemea. Akiwa wa kadiri, unamla. Akiwa mkubwa kupita kiasi, unampiga picha unamrudisha."

Akafumbua jicho moja. "Unakwenda kote huko, unamkamata, halafu unamwachia?"

"Wale wakubwa wote ni majike, Fundi. Ndio wenye mayai. Hawaguswi."

"Na madume?"

"Madume hubaki wadogo."

"Hilo wala halikuhitaji nauli," alisema Bi Uzi.

Bwana Barafu akacheka, akakaa kwenye kreti yake. Magoti yao yakagusana, pamba kwa koti bovu. Hakuna aliyeondoa goti lake. Kisha kicheko kikaisha, uchovu ukarudi mahali pake, ukakaa katikati yao kama mtu wa tatu.

"Sema neno lako," alisema yeye. "Nimeona ulivyoingia. Umekuja kunirudishia pete."

"Umeiona hiyo na bado unaniambia tuahirishe?"

"Sasa niseme nini?"

"Mwanaume wewe!" Sauti yake ilipanda, ikagonga maboksi. "Umri unakwenda. Jioni hii nyumbani kuna mtu anakuja kutaka jibu, ana duka, ana adabu, ana dawa za kila ugonjwa. Dada ameshaosha vikombe vya wageni. Nami nimechoka, unanielewa? Watu wanadhani nachukia hiyo safari yako. Sichukii safari. Nachukia usivyokwenda! Ungekwenda siku ile ile ungekuwa umesharudi, umeshanioa, tumeshagombana, tumeshapatana."

"Si wewe uliyeniambia niende kwanza?"

"Nani?"

"Wewe. Mara ya kwanza kabisa niliyotandaza ramani. Nilikwambia, basi tuoane kwanza, safari itafuata. Ukasema, na sindano zilikuwa mdomoni, ukasema: nenda kaimalize hiyo bahari yako kwanza, mimi siolewi na nusu mtu."

Bi Uzi akalitafuta neno lile katika kichwa chake, akalipata limelala huko chini, na sindano zake.

"Nilikuwa natania," alisema kwa sauti ndogo.

"Hukucheka."

"Ningechekaje na sindano mdomoni?"

Feni ikazunguka. Bwana Barafu akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza Bi Uzi akaona jinsi mashavu yake yalivyoingia ndani. Miaka yote hii mtu huyu alikuwa akilala huku, akitetemeka huku, akipiga mazoezi ya kuwa mtu mzima ili aruhusiwe kumwoa. Naye huko kwenye cherehani alikuwa akimsubiri huku akikonda na kunenepa. Wangeweza kulia. Lakini machozi pia yanataka nguvu.

"Mbona hukuniuliza tena?" alinong'ona.

"Niliogopa utarudia."

Hapo Bi Uzi akainuka. Akaishika ile fimbo, akakaza mshipi kama alivyomsikia akieleza, akavuta. Gunia likainuka kidogo, likamvuta mbele, ndara zikateleza kwenye sakafu. Bwana Barafu akaruka akamshika kiunoni kwa nyuma.

"Usivute kwa mikono! Mikono itachoka. Egemea nyuma, mwache yeye achoke."

"Mwache nani?"

"Samaki."

Akaegemea nyuma. Nyuma palikuwa na kifua. Gunia likapanda taratibu, likafika usawa wa magoti, likakaa hapo likiyumba, na wao wawili wakalitazama kana kwamba ni samaki kweli.

"Kulabu anashika nani?" aliuliza Bi Uzi, bado ameegemea.

"Mimi. Wewe unakaza mshipi, mimi nashika kulabu."

"Nani amesema nakwenda?"

Mikono kiunoni ikasita. "Ovaroli," alijibu Bwana Barafu.

*

Walipotoka kwenye baridi na kurudi chumba cha mitambo, simu ya Bi Uzi ilikuwa ikilia ndani ya tabaka zote za pamba. Kuichomoa ilikuwa kazi. Akaiweka sikioni, na sauti ya dada ikajaa chumba kizima.

"Uko wapi wewe? Nimekwambia usikae! Mwenye duka la dawa ameshafika, yuko sebuleni, amekuja na maua na chupa ya dawa ya kikohozi. Nimwambieje?"

Bi Uzi akamtazama Bwana Barafu. Alikuwa amesimama kando ya mashine, tambara mkononi, halifuti chochote. Hakuomba. Lakini uzi ule aliouondoa sikioni ulikuwa ukichungulia mfukoni mwake, juu ya moyo, naye ameufunika kwa kiganja kana kwamba kuna mtu atakuja kumnyang'anya.

"Mpe chai, dada," alisema Bi Uzi. "Mshukuru sana kwa dawa. Mwambie nimekwenda kuvua."

"Kuvua nini? Mdogo wangu, una homa?"

"Na uwaite wazee, siku yoyote ya juma hili. Nafunga ndoa kabla ya kusafiri. Mimi silali nyumba moja na mwanaume asiye wangu, hata kama jua halizami."

Upande wa pili kikombe kikagonga sahani. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, ya dada aliyeosha vikombe miaka mingi bure: "Na utavaa nini? Hakuna muda wa kushona gauni!"

"Ninayo nguo. Ina mifuko."

Akakata simu. Bwana Barafu akajitazama kiwikoni. "Na mimi nitavaa nini huko? Hili la kazi limetoboka kiwiko."

Bi Uzi alivuta utepe wa kupimia kutoka shingoni, ule ambao haukuwahi kumtoka hata kanisani wala msibani wala popote.

"Safari hii napima mwenyewe mwenye mwili," alisema. "Sogea huku. Simama wima. Inua mikono."

Akainua. Bi Uzi akapitisha utepe nyuma ya mgongo wake, mkono mmoja ukaufuata mwingine, na ilipokutana huko nyuma hakuirudisha. Akaweka paji la uso kwenye shati lenye harufu ya grisi. Mikono ya Bwana Barafu ikashuka taratibu ikatua kwenye mabega ya pamba.

"Ngapi?" aliuliza baada ya muda.

"Subiri kwanza," alisema Bi Uzi, macho yamefumba. "Bado nasoma."